Kanda Aliyoiteka Mtani

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, nimesimama mlangoni mwa ofisi yetu pale Ufukoni, viatu mkononi, maji yamefika kizingitini, na hewa yote inanuka waya ulioungua. Sikuwa nimeona kitu bado, lakini nilishajua mambo yameharibika.

Ila nisikuchanganye. Mimi nikianzia hadithi katikati wajukuu zangu hunicheka, wanasema bibi amepika mchuzi kabla ya kuchinja kuku. Ngoja nirudi nilikotoka.

Wakati huo nilikuwa msichana, sina mvi hata moja. Baba yangu alikuwa Myao wa Masasi aliyelowea kijiji cha Ziwani kwa sababu ya mikorosho, akanisomesha kompyuta Dar es Salaam, nami nikarudi kichwa kimevimba. Nikapata kazi kwenye redio ndogo ya jamii. Kazi yenyewe ilikuwa tamu: kurekodi sauti za wazee wa pwani yetu hii, hadithi zao, nyimbo zao, na Kimgao chao, Kiswahili cha zamani cha huku kwetu, ambacho hata wakati ule kilikuwa kimebaki kwa watu wachache. Sauti zikishaingia kwenye kompyuta, kila Ijumaa nilizinakili zote kwenye kanda ya akiba.

Wewe kanda hizo hujaziona. Si zile za muziki alizokuwa nazo babu yako. Hizi zilikuwa ndogo, zinaenea kiganjani, unachomeka kwenye mashine yake, inanguruma weee, inakula kila kilichomo kwenye kompyuta. Kompyuta ikifa, unarudishia kutoka kwenye kanda. Nilizipenda kanda zangu! Nilizipanga kabatini kwa mstari, kila moja nimeichorea ua kwa wino.

Siku moja akaja Bibi Esha kutoka Mikindani. Mwembamba, kanga mpya, na kikohozi kisichomwachia. Katika ukoo wao bi harusi hatoki chumbani mpaka bibi yake amwimbie wimbo wa kumtoa, wimbo wa Kimgao wa zamani sana, na aliyebaki akiujua wote alikuwa yeye peke yake.

"Shikamoo, Bibi," nikamwambia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimeambiwa hapa mnashika sauti."

"Tunashika, Bibi."

"Basi nishikie yangu. Nina mjukuu, Rukia, bado hajapata mume, na kifua hiki hakitanifikisha. Siku akitolewa nataka nimwimbie mwenyewe, hata kama nipo udongoni."

Nikamwekea maikrofoni. Akaimba. Mwanangu, nusu ya maneno sikuyaelewa na machozi yalinitoka hivyo hivyo. Alipomaliza akakohoa, akaisogelea maikrofoni, akauliza kwa sauti, "Haya, mmeipata? Au nimeimba bure?" Mimi nilikuwa nimefundishwa kwamba mrekodi haongei juu ya sauti ya mzee, basi nikamwinulia kidole gumba tu na kucheka. Swali lake likabaki humo ndani halijajibiwa.

Akataka kuona sauti yake inalazwa wapi. Ilikuwa Ijumaa, nikamwonyesha: hii kompyuta, hii kanda, na hili kabati, hatua mbili tu kutoka kwenye kompyuta. Akatazama huku, akatazama kule.

"Hiyo ndiyo akiba?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na chenyewe ndicho kile pale?"

"Ndiyo."

"Ehe. Sasa akiba na chenyewe mnavilaza kitanda kimoja? Mimi mbegu yangu ya mahindi nusu iko darini juu ya jiko langu, nusu iko kwa mdogo wangu Ziwani. Jiko likiungua nitapanda nini, majivu?"

Nikacheka tena. Nikamwambia, "Bibi, kompyuta haisahau. Nakuahidi, Rukia atatolewa kwa sauti yako." Akanishika mkono, akaondoka ameridhika. Kompyuta haisahau! Loo, ujana nao ni maradhi.

Sasa sikiliza jinsi Mungu anavyopanga mambo yake kwa kutumia watu wasiofikirika. Pale redioni tulikuwa na mtangazaji anaitwa Komba, Mngoni wa Songea aliyehamia Mtawanya, mdomo haufungi. Mngoni na Myao ni watani, na mtani wa kweli huonekana msibani. Basi mjomba wangu akafariki kule Ziwani, na Komba akaja. Watu tunalia, yeye kavaa gunia, anamlilia marehemu amrudishie kibiriti chake. Jeneza lilipotoka akajilaza njiani, akasema hapiti mtu hapa mpaka Wayao watoe jogoo. Mama yangu alicheka huku machozi yanamtiririka. Ndiyo kazi ya mtani, kukufuta machozi kwa mkono wa fujo. Mimi nikamwambia Komba, "Ondoka mtani, jogoo utapata." Akaondoka, tukamzika mjomba wetu.

Jogoo hakumpata. Misiba ina mambo mengi, nikasahau.

Niliporudi kazini nikakuta kanda ya Ijumaa ile haipo. Komba amekaa juu ya meza yangu, ananing'iniza miguu, kanda yenye ua anaipunga hewani.

"Mateka huyu!" anasema. "Hatoki mpaka jogoo aje. Na awe anawika."

Kwa mila alikuwa na haki, hilo sina ubishi. Mtani ukimwahidi lazima ukigomboe alichokishika. Lakini mimi msomi wa Dar es Salaam ningekubali? Nikamwambia, "Babu zako waliteka mbuzi wetu, wewe umeshuka cheo unateka kanda! Kaa nayo. Itowelee ugali. Nina kabati zima."

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Komba akaitia kanda mfukoni, akaenda nayo kwao. Ikawa hivyo. Kila tukikutana ananiuliza, "Jogoo?" nami namwambia, "Bado yai."

Haikupita muda mrefu Bibi Esha akatutoka, Mungu amrehemu. Nilikwenda Mikindani kumzika, nikamwona Rukia analia kwa kwikwi, nikamnong'oneza kwamba sauti ya bibi yake ninayo. Akanishika shingo hakutaka kuniachia.

Ndipo ikaja ile asubuhi niliyoanza nayo. Radi ilikuwa imepiga. Kompyuta imeungua, na mashine ya kusomea kanda iliyokuwa tumboni mwake imeungua nayo. Upepo umeng'oa bati, na bati lenyewe, utaamini? ni lile lililokuwa juu ya kabati. Kanda zangu zote na maua yake zinaelea kwenye maji ya tope. Jiko na dari vimeungua pamoja. Nilimsikia Bibi Esha kabisa masikioni.

Nikafanya nini? Nikafanya anachofanya mtu yeyote wa pwani akikuta kitu chake kimelowa. Jua lilipotoka nikatandika jamvi uani, nikazianika. Mwanangu, nilizianika kanda za kompyuta pembeni ya dagaa wa jirani! Nikawa nazigeuza upande huu na upande ule, nafukuza paka. Zikakauka kau kau, nami nikafurahi.

Katikati ya kuzigeuza, hodi. Mama yake Rukia, Bi Tatu, binti wa Bibi Esha. Kapendeza, mikono ina hina mbichi.

"Mwanangu," akasema, "nimekuja kumchukua mama. Ijumaa hii tunamtoa Rukia."

Nimekuja kumchukua mama. Sikuweza kumtazama usoni. Nikamwambia arudi kwake, nitamletea mwenyewe, na alipogeuka nikakaa chini kwenye jamvi na dagaa wangu nikalia.

Kulia kuna faida yake, kunasafisha kichwa. Nilipofuta kamasi nikakumbuka: Komba! Mateka! Nikaruka, nikakimbilia kituoni nikadaka gari la Ziwani. Mama hakuuliza mengi. Akanikamatia jogoo mwekundu mwenye kiburi, akanifungia na ming'oko iliyochemshwa, vile viazi vyetu vya porini, akasema, "Mtani akicheleweshewa chake, hudai na riba." Nikafika Mtawanya jogoo kwapani, ananipiga mabawa njia nzima, watu wananitazama.

Komba alikuwa barazani anakata kucha. Akaniona. Akamwona jogoo. Akaendelea na kucha zake.

"Mtani, nimekuja kugomboa," nikamwambia.

"Kugomboa nini?"

"Kanda!"

"Kanda…" Akakuna kidevu. "Aaa, ile? Ule mkanda wake wa ndani? Si mke wangu aliutundika shambani kwenye mpunga? Unang'aa vizuri sana. Mwaka huu hatukuliwa na ndege hata mmoja."

Unajua watu walivyotundika mikanda ya kaseti mashambani kufukuza ndege. Nikauona mawazoni wimbo wa Bibi Esha unapepea juu ya mpunga. Nikaachia jogoo, nikaanza kulia kwa sauti, mimi mtu mzima, kwenye baraza ya mtani.

Komba akaruka. "He! He! Myao, acha! Nakutania! Mama watoto, leta lile kopo, huyu anakufa!"

Mkewe akaleta kopo la biskuti kutoka juu ya kabati la nguo. Ndani, katikati ya picha zao za harusi, imelala kanda yangu, kavu, ua lake halijafutika. Nikaibusu. Nikambusu mkewe Komba. Komba akashika shavu lake anangoja. Nikamwambia wewe ngoja jogoo wako, yuko juu ya paa la jirani.

Nilipotulia nikamsimulia yote, ahadi na Rukia na Bi Tatu. Komba akafunika lile kopo taratibu, mzaha umemwisha. Kisha akasema, "Basi kumbe nimemlaza mtu kwangu siku zote hizi bila kumjua." Akavaa shati, akasema twende.

Twende wapi, sasa? Kanda tunayo, mashine ya kuisoma imeungua. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Tukazunguka mji ofisi kwa ofisi tukiuliza. Wengine walitucheka, mmoja alitutolea redio kaseti. Mwisho tukafika ofisi moja jirani na bandari, tukamkuta Mama Neema, mtaalamu wa kompyuta, mpole, mtu wa bara asiyejua haraka. Mashine ya aina yetu alikuwa nayo, imewekwa kona, imefunikwa kitambaa.

Mimi mkono ulishatangulia. Nikaichukua kanda niichomeke. Akanidaka kifundo cha mkono.

"Mdogo wangu, kuna sauti ya mtu humu?"

"Ya marehemu."

"Basi tusimuue mara ya pili." Akanionyesha kijikufuli kidogo ubavuni mwa kanda, akakisogeza. "Sasa mashine itaweza kusoma tu. Kuandika juu yake haiwezi. Hiki kwanza, kila siku."

Nilikijua kijikufuli kile, nilifundishwa darasani kabisa. Haraka ilinisahaulisha. Akasafisha kichwa cha mashine taratibu, akaichomeka kanda. Ikanguruma, ikakwama. Kwenye kioo likatokea neno la kukataa. Komba akashika kichwa. Mama Neema akanywa chai.

"Imelala muda mrefu, imelegea," akasema. "Tuikaze." Akaiamuru mashine iupeleke mkanda mpaka mwisho, kisha iurudishe mwanzo, bila kusoma chochote. Tukaisikiliza inavyokwenda na kurudi. Mimi nasoma Ayatul Kursiyu, Komba anasali Salamu Maria, Mama Neema anatafuta sukari.

Nikaona nimuulize na zile nyingine nilizozianika. Akaweka kikombe chini. "Umezianika? Juani?" Akatikisa kichwa polepole. "Maji yale pengine zingeyavumilia. Jua ndilo limezimaliza. Kanda ikilowa inakaa baridini, inaletwa kwa fundi hivyo hivyo. Si samaki hiyo." Nilitamani ardhi ipasuke.

Akajaribu tena. Mashine ikanguruma, ikanyamaza, ikanguruma. Halafu, mwanangu, majina yakaanza kushuka kwenye kioo, moja moja, bila pupa. Mzee wa Msimbati. Hadithi ya sungura. Nyimbo za jando. Mengine yalitoka mazima, mengine yamekatika na hayakurudi tena mpaka leo. Mimi nayasoma kwa sauti. Na hapo, chini kabisa, kwa kuwa ndiye aliyekuwa wa mwisho kurekodiwa wiki ile: Bibi Esha.

Mama Neema akabonyeza. Kikohozi kwanza. Kisha ile sauti.

Niliruka nikamkumbatia Komba, mila na dini pembeni. Komba naye analia kama mtoto, anasema ni vumbi. Mama Neema, yule yule asiyejua haraka, akapiga kigelegele cha kwao mpaka mlinzi akaja mbio na rungu. Kabla hatujaondoka akatutolea nakala tatu, akasema moja ikae kwake.

Ijumaa ikafika. Mikindani nyumba imefurika, pilau linanukia mpaka barabarani. Rukia chumbani amefunikwa, kungwi wake kando. Bi Tatu akanijia mbio, akaniuliza, "Amekuja?" Nikamwambia, "Amekuja."

Komba, yeye ndiye aliyeleta spika za redio, na amejipa cheo cha mkuu wa sherehe bila kuombwa. Akanyamazisha watu. Nikabonyeza.

Sauti ya Bibi Esha ikajaa nyumba. Wazee wawili waliokuwa uani wakasimama. Bi Tatu akakaa chini pale pale, akaweka kiganja kwenye spika kama mtu anayepapasa mgongo wa mama yake. Mlango wa chumba ukafunguka, Rukia akatoka, hatua kwa hatua, uso umelowa na meno yote nje, anacheka na kulia kwa pamoja. Hakuna aliyethubutu kupiga kigelegele mpaka wimbo uishe.

Wimbo ukaisha. Kikohozi. Nikanyoosha mkono nizime, na hapo Bibi akasogea karibu, vile vile kama siku ile, akauliza kwa sauti:

"Haya, mmeipata? Au nimeimba bure?"

Nilikuwa nimesahau. Wallahi nilikuwa nimesahau kabisa. Watu wote wakaigeukia spika. Kisha Rukia akaondoa ushungi usoni, bi harusi mzima, akapaza sauti:

"Tumeipata, Bibi!"

Nyumba nzima ikaitika. Tumeipata! Tumeipata, Bibi! Vigelegele vikalipuka hadi nadhani walisikia mpaka ng'ambo ya Ruvuma. Na Komba juu ya spika: "Wayao wote wajue, bila jogoo msingepata kitu!"

Ndiyo hayo, mwanangu. Leo nakuona na simu yako, picha zote za mama yako zimo humo, sauti zake zimo humo, na ukiiangusha chooni unapiga yowe. Nisikilize basi, maana la mkuu ni hili. Cha thamani usikilaze kitanda kimoja na akiba yake. Kimoja kiwe kwako, kimoja kiwe kwa ndugu, mbali, ambako mvua yako hainyeshi. Wahenga wanasema akiba haiozi. Sibishani nao, ila mimi niliiona inaoza. Ifungue mara kwa mara uionje kama bado ni chakula. Kikiharibika kitu, tuliza mkono kwanza. Usianike, usichokonoe, zuia kisiharibike zaidi, kisha mtafute anayejua. Na ukimwahidi mtani jogoo, chelewa kidogo kama ni lazima, lakini mpelekee. Usije ukamdharau mtu wa mzaha, hujui Mungu amemweka atunze nini juu ya kabati lake.

Rukia sasa ana binti mkubwa. Juzi wamekuja kumposa na posa imeshapokelewa, na kule Mikindani wimbo wameniomba tena, ingawa binti mwenyewe keshaushika kichwani wote. Komba amezeeka, meno hana, lakini nimeambiwa atakuja na anadai jogoo mwingine.

Nakuombea, mwanangu, Mungu akupe kitu chema cha kuhifadhi, akupe watu wema wa kukuhifadhia, na siku sauti yako itakapoita, wawepo wa kuitikia. Nimesema yote niliyokuwa nayo.

Haya, umeipata? Au nimeongea bure?